Jinsi ya kuingia Rio Dulce na boti ya tanga mpaka mbele ya loji ya msituni

Mtu akisikia loji ya msituni anawaza Land Cruiser, vumbi, na kijana anakupokea na juisi baridi. Hizi ninazotaka kuzieleza hazina barabara kabisa. Ziko kando ya mto Rio Dulce, Guatemala, upande wa bahari ya Karibi, vibanda vya makuti juu ya nguzo, gati la mbao, msitu nyuma na mto mbele, na kila kitu kinachofika pale, mgeni, mchele, mtungi wa gesi, kinafika kwa maji. Wageni wengi wanaletwa na boti za injini za wenyeji, wao wanaziita lancha. Ila kama una boti yako ya tanga, au umeajiriwa kwenye boti ya mtu kama nilivyokuwa mimi, unaweza kuingia mwenyewe toka baharini ukatia nanga mbele ya loji, ukala kwao na ukalala kwako. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekuwa baharia kwenye mayoti ya watu, na mto huu nimeuingia mara tatu, mbili vizuri na moja kwa aibu, hiyo ya aibu nitaisimulia kwa sababu ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Kabla ya kuulizia bei ya chumba, kabla ya kuangalia picha za nyani, pima mkuku wako, ule uti wa chini kabisa wa boti. Siongei utani. Boti inazama kiasi gani, toka usawa wa maji mpaka chini kabisa ya mkuku, na uipime ikiwa imejaa maji, dizeli, na makorokoro yote ya safari ndefu, maana namba iliyoandikwa kwenye makaratasi ni ya boti tupu iliyotoka kiwandani. Safari nzima ya kwenda loji inaamuliwa na hiyo namba, kwa sababu mlangoni mwa mto, pale Livingston, kuna fungu la matope na mchanga ambalo mto wenyewe umelijenga miaka na miaka, na maji juu yake ni machache.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hapa tunakosea kitu kimoja, tena tunakosea kwa kujiamini. Tumezoea bamvua la Tanga au Mombasa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukikwama asubuhi unakaa unakunywa chai, saa sita baadaye boti inaelea yenyewe. Karibi siyo hivyo bana. Pale Livingston tofauti ya kujaa na kupwa ni kama nusu mita tu, siku nyingine hata haifiki. Kwa hiyo ukipwelewa maji yakiwa yamejaa hakuna maji mengine yanayokuja kukuokoa, hayo hayo ndiyo yalikuwa mengi. Ndiyo maana ile sentimita 20 ambayo kwetu hakuna mtu anaihesabu, kule ndiyo tofauti ya kupita na kukaa.

Boti inayozama mita 1.5 inapita ukichagua maji ya kujaa, bila presha kubwa. Ukiwa na mita 1.8 tafuta siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na uingie maji yakiwa bado yanajaa ili ukigusa upate nafasi ya kurudi nyuma. Ukifika mita 2 na kuendelea, usijidanganye, panga kabisa kuvutwa, na hii ya kuvutwa ni ufundi wa kipekee wa watu wa pale, nitakuja nayo.

Namna ya kufika: wengi wanatokea Belize, kwenye visiwa vya matumbawe, wanashuka kusini mpaka Placencia au Punta Gorda halafu wanakata ghuba ya Amatique. Wengine wanatokea Honduras, visiwa vya Roatán na Utila. Vyovyote utakavyokuja, usiingie siku ile ile uliyofika umechoka. Kuna sehemu ya kulala upande wa mashariki wa ghuba, nyuma ya rasi ya Tres Puntas, watu wengi wanatia nanga pale usiku, wanaamka na giza, wanavuka ghuba asubuhi upepo ukiwa bado umelala. Hii asubuhi ni muhimu kuliko inavyosikika, kwa sababu mchana upepo wa baharini unaamka, unasukuma mawimbi moja kwa moja kwenye fungu, na boti ikinyanyuliwa na wimbi halafu ikashushwa mahali penye mita 1.8, hata yenye mkuku wa mita 1.6 itapiga chini. Usiku ndiyo usithubutu, kuna nyavu, kuna mitumbwi ya wavuvi haina taa hata ya kiberiti.

Ukifika nje ya fungu kuna boya. Toka boya unaelekea mjini kwenye mstari ambao mabaharia wanapeana pointi zake za GPS, na mimi sikupi pointi hapa makusudi, kwa sababu fungu linahama, mvua kubwa ya mwaka jana inaweza kuwa imebadilisha kila kitu, chukua za mtu aliyepita mwezi huu. Muulize pia alikuwa na mkuku gani, maana mwenye katamarani, boti ya viwiliwili viwili, anayezama mita 1.1 atakuambia "pako safi kabisa" na hajadanganya.

Sasa aibu yenyewe. Nahodha wangu wa wakati ule, mzee mmoja mkarimu sana ila hana subira hata ya kuchemsha yai, boti yake inazama karibu mita 2. Nilimwambia tusubiri siku tatu bamvua liingie, akasema ana miadi. Tukaingia na maji mafu, zile siku ambazo maji hayajai sana. Nusu ya njia kipimo cha kina kikaanza kushuka, 2.4, 2.2, 2.1, halafu ule mstuko laini kama mtu amekaa kwenye godoro, boti ikasimama. Bahati nzuri chini ni tope, hakuna mwamba, kwa hiyo hakuna kilichovunjika isipokuwa heshima. Injini mbele, injini nyuma, tope linachemka tu. Baada ya kama robo saa lancha mbili zikaja zenyewe bila kuitwa, walikuwa wanatuangalia toka ufukweni muda wote, nadhani walishaanza kugawana hela kabla hatujakwama.

Wanavyofanya ni hivi. Wanachukua henza, ile kamba inayokwenda mpaka kileleni mwa mlingoti, wanaiunga na kamba yao ndefu, na lancha ya kwanza inakwenda ubavuni, mbali, inavuta kileleni. Mlingoti ni mrefu kwa hiyo nguvu ndogo juu inatosha kuilaza boti nzima upande. Boti ikilala, mkuku unanyanyuka toka kwenye tope kama mguu wa mtu anayevuka dimbwi. Hapo lancha ya pili inavuta omo, ile pua ya boti, kwa mbele na wewe unasaidia na injini. Inatisha, maji yanakuja mpaka ukingoni, lakini inafanya kazi, na jamaa wamefanya hivyo mara nyingi kuliko ulivyowahi kupandisha tanga.

Kama unajua utahitaji hii kitu, iandae mapema badala ya kukurupuka. Makubaliano ya bei yafanyike kabla, kwa simu au kupitia wakala, ukiwa unaelea siyo ukiwa umekwama, bei ya mtu aliyekwama ni nyingine. Chagua henza imara na hakikisha roda ya juu, lile gurudumu linalopitisha kamba, inazunguka na inaweza kupokea kamba kwa pembeni, maana henza nyingi zimewekwa kuvuta kwenda chini tu, ikivutwa ubavu inajikata kwenye chuma. Funga madirisha yote ya upande utakaolala. Angalia tundu la maji ya kupozea injini liko upande gani, kama liko upande unaoinuka injini itanyonya hewa na kuchemka, kwa hiyo waambie walaze upande wa pili. Na ndani ya boti funga kila kitu, kila kitu nakwambia, sisi tulikuwa na gunia la mchele limekaa wazi kwenye kabati la jikoni na mpaka leo naamini kuna punje zimebaki kwenye ngama, chini kabisa ndani ya ile boti. Ukishavuka safisha chujio la maji ya injini, litakuwa limejaa tope.

Haya, umeingia. Mbele yako ni Livingston. Na hapa niweke sawa jambo ambalo kila Mswahili ananiuliza, hapana, siyo yule Livingstone wa Ujiji. Huu mji umepewa jina la Edward Livingston, mwanasheria wa Marekani aliyeandika sheria ambazo Guatemala ilizichukua karne ya 19. Daudi wetu hakufika huku.

Tia nanga mbele ya gati la mji, pandisha bendera ya njano, ishara kwamba bado hujakaguliwa, na kaa ndani ya boti. Usishuke. Kule maofisa ndiyo wanaokufuata, uhamiaji, forodha, afya, mkuu wa bandari, wanapakiwa lancha moja wanakuja wote kwa pamoja, wakati mwingine wapo watano kwenye sitaha ya boti ya mita 11, kwa hiyo toa viti na uwe na kitu cha kunywa. Karibu kila mtu anatumia wakala, unamwandikia siku kadhaa kabla, unamtumia nakala za pasipoti na karatasi za boti, yeye anawakusanya maofisa na baadaye unakwenda ofisini kwake kumalizia na kulipa. Unaweza kujifanyia mwenyewe ila Kihispania kiwe kizuri na siku iwe ndefu. Muhuri wa kuingia kwa kawaida unakupa siku 90, na jua hizo siku zinahesabiwa kwa pamoja kwa nchi nne, Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua, kwa hiyo kama ulikaa mwezi Roatán umeshakula mwezi wako. Boti nayo inapewa kibali chake tofauti. Wenye pasi za Afrika Mashariki malizeni habari ya viza mkiwa bado nchi kavu, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe karibu, ukisema unatoka Kenya kitaulizwa.

Kulala mbele ya Livingston sikushauri, pana mawimbi na mashua za kigeni zinaangaliwa sana na watu wasio na kazi. Ila usiupite mji kama kituo cha mafuta. Shuka angalau saa mbili tatu (acha mtu kwenye boti) kwa sababu pale ndipo utakutana na Wagarifuna, watu weusi wa pwani hii, babu zao ni Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent, Waingereza wakawahamisha kwa nguvu mwaka 1797 wakawatupa Roatán, na toka hapo wakasambaa pwani nzima mpaka hapa. Lugha yao, ngoma na muziki vimeorodheshwa na UNESCO. Mimi nilitembea mtaa ule nikaona mama anakuna nazi, amekalia kitu kidogo, anaimba, nikasimama kama mjinga, nilitaka kumwambia shikamoo. Wana supu inaitwa tapado, samaki, kaa, kamba na ndizi mbichi vimepikwa kwenye tui la nazi, ukiila ukafumba macho uko Pangani tu, labda pilipili imepungua. Ukitaka kuchekewa vizuri sema "buiti binafi", ndiyo habari za asubuhi ya Kigarifuna. Ukiweza kupanga safari yako iangukie tarehe 26 Novemba, ndiyo siku yao Guatemala, mji hauwezi kulala.

Toa na hela hapo hapo. Benki zipo Livingston, na juu ya mto kwenye mji wa Fronteras, ule wenye daraja, katikati hakuna kitu. Pesa yao ni quetzal, jina la ndege, na loji nyingi zinataka noti mkononi, siyo kadi, intaneti yenyewe inategemea kama mawingu yana huruma. Chukua noti ndogo ndogo, mama wa mtumbwi anayeuza kaa hana chenji ya mia.

Ukitoka mjini mto unakunja kona, na ghafla bahari imepotea. Kuta za mawe ya chokaa zinapanda pande zote mbili, juu sana, na mawe yenyewe huyaoni kwa miti, mizabibu pori inaning'inia mpaka kwenye maji, ndege weupe wamekaa kama nguo zilizoanikwa. Sauti ya injini yako inakurudia. Hapa tanga halina kazi kubwa, upepo unazunguka kila kona, ingawa mchana ule upepo wa baharini unaweza kukusukuma taratibu na tanga la mbele tu ukiwa na muda, na kiukweli kama una muda fanya hivyo, zima injini, ni kitu ambacho mgeni wa lancha hawezi kukipata. Kaa katikati ya mto, nje ya kona ndipo penye kina, na weka mtu omo aangalie magogo, mvua ikinyesha milimani mto unaleta miti mizima. Lancha zinapita kwa kasi za ajabu, wao wana haraka wewe huna, shika upande wako wa kulia na uache wakupite. Kuna sehemu kando ya korongo maji ya moto yenye harufu ya kiberiti yanachuruzika toka kwenye mwamba, watu wameyazungushia mawe wanaoga, utaona mvuke na utaona watoto.

Loji zipo kuanzia hapa korongoni, nyingine zimejificha kwenye vijito vinavyoingia mtoni kama Tatin na Lámpara, nyingine ziko mbele zaidi mto unapopanuka ukawa kama ziwa, panaitwa El Golfete. Huko juu zaidi kuna mji wa Fronteras wenye lile daraja refu, kisha ngome ya San Felipe ambayo Wahispania waliijenga karne ya 17 kuzuia maharamia wasiingie ziwa Izabal. Toka Livingston mpaka darajani ni kama maili 20 za baharini, siku moja inatosha. Daraja lina nafasi ya kama mita 26 chini yake, milingoti mingi inapita, lakini kama unakwenda loji ya korongoni au Golfete hulifikii kabisa.

Kuchagua loji kwa mtu wa boti ni tofauti na kuchagua kwa mtu wa begi. Yeye anaangalia kitanda, wewe unaangalia maji mbele ya kitanda. Andika ujumbe wa WhatsApp siku chache kabla, useme una boti ya tanga ya urefu huu, inazama kiasi hiki, halafu uliza, mbele ya gati lenu pana kina gani, sijali katikati ya mto, nataka mbele ya gati. Kuna boya la kufunga? Lancha zinapita karibu? Boti nyingine za tanga huwa zinakaa wapi? Wakijibu "ndiyo karibu sana" bila namba, jua hawajui, panga kutia nanga mbali uje na dingi, kile kiboti kidogo cha kushukia.

Korongoni kutia nanga kuna usumbufu, kina kinakuwa kirefu karibu na ukingo na mkondo unakuzungusha, unaweza kuamka matawi ya mti yameingia kwenye mlingoti. Golfete ndiyo raha, mita 3, 4, 5, tope linashika nanga kama saruji, na upepo wa jioni ukishatulia maji yanakuwa kioo. Ushauri wangu kama loji unayoitaka iko ndani ya kijito chembamba, acha boti Golfete au mahali wenye loji watakapokuonyesha, na uingie kijitoni na dingi. Nimeona jamaa anang'ang'ania kuingiza boti ya mita 13 kwenye kijito upana wake kama uwanja wa mpira wa wavu, aliingia, kutoka ndiyo ilikuwa habari.

Na gati la loji, wapendwa, limejengwa kwa ajili ya lancha. Nguzo zile zimepigwa kwenye tope kwa mikono. Usije ukaliegemeza tani 10 halafu lancha ikapita na mawimbi, utaondoka na gati. Kama umeruhusiwa kufunga kwa muda wa kushusha mizigo, tia fenda nyingi, yale maboya ya kukinga ubavu wa boti, na usifunge kamba kwenye miti, siyo kwa sababu ya mti tu, sisimizi wanatembea juu ya kamba kama barabara kuu na ndani ya usiku mmoja wamehamia kwenye sukari yako na familia zao.

Usiku pandisha dingi na injini yake juu ya maji, uifunge na mnyororo. Wenyeji ni watu wazuri lakini injini ya dingi inauzika popote duniani.

Kuhusu adabu. Loji inaishi kwa chakula na vyumba, wewe umekuja na chumba chako. Kwa hiyo siyo vizuri utie nanga mbele yao, utumie intaneti yao, uoge bafuni kwao, ule ugali wako kwenye boti halafu useme asante. Nenda siku ya kwanza, jitambulishe, uliza kama kuna malipo ya kutumia gati, agiza chakula cha jioni. Agiza mapema, kabla ya mchana, wanapika chungu kimoja kwa idadi ya watu wanaowajua na mchele unatoka mjini, ukitokea saa moja usiku watu wanne wenye njaa unamtesa mpishi. Mara nyingi mnakaa meza moja ndefu na wageni wengine, na hapo ndipo utapata habari zote za fungu, za mvua, na nani anauza dizeli safi.

Choo cha boti ndiyo kubwa zaidi. Funga vali ya kutoa nje, tumia tangi, au tumia choo cha nchi kavu. Mto huu ndiyo bomba la watu. Utaona nyumba za Wakekchi, Wamaya wa eneo hili, kila nyumba ina mtumbwi wa gogo na mama anafua pale pale, mtoto anaoga pale pale, na baba anavua hatua tano mbele. Watoto wa miaka sita saba wanapiga kasia peke yao kwenda shule. Ukipita na dingi, punguza kasi kabla hujawafikia, siyo ukiwa umewafikia, wimbi linakuja nyuma yako. Asante kwa lugha yao ni "bantiox", nilipoisema mara ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa ananiuzia kaa aliniongezea wawili.

Kasi ni muhimu pia kwa ajili ya nguva. Upande wa kaskazini wa Golfete kuna hifadhi ya Chocón Machacas, imewekwa mahsusi kwa nguva wa huku, ambaye ni binamu wa nguva wetu wa Rufiji na Mafia, tofauti utaiona mkiani, wa kwetu ana mkia wa pembe mbili kama nyangumi, wa kwao ni wa duara kama mwiko. Niseme ukweli, kumwona ni bahati, maji ni ya kahawia na mnyama ni mwoga. Zima injini ya dingi alfajiri, kaa kimya, subiri. Mimi nimeona pua moja na mapovu, katika siku tano. Nilifurahi kama nimeona simba kumi.

Kelele utakayoisikia saa kumi na nusu alfajiri, kama mtu anaburuta makabati ya chuma msituni, ni nyani wa kule wanaopiga kelele, ni wadogo tu ukiwaona. Mara ya kwanza nilikamata panga.

Mambo madogo yatakayokuharibia raha usipojiandaa: nyavu za mbu kwenye kila dirisha la boti, maana joto halikuruhusu kufunga, na kuna dengi, na habari ya dawa za malaria ongea na daktari kabla. Ukungu unaota kwenye kila kitu, viatu, mikanda, mito, futa kuta za ndani na siki na uache kabati wazi. Radi za msimu wa mvua pale siyo mchezo, boti nyingi zimepoteza vifaa vyote vya umeme kwa radi moja, kwa hiyo ukiona wingu jeusi juu ya ziwa chomoa unachoweza kuchomoa, simu na GPS ya mkono viweke ndani ya oveni, mabaharia wengi wanafanya hivyo, lile sanduku la chuma linakinga, ila kumbuka kuvitoa kabla ya kuoka mkate. Faida moja nzuri ya maji yasiyo na chumvi, magome na majani ya baharini yaliyoota chini ya boti yanakufa yenyewe.

Muda mzuri wa kwenda? Kama ni kutembea tu, miezi ya Februari mpaka Mei mvua zinapungua kidogo, ingawa upande huu wa Guatemala mvua haiombi ruhusa. Epuka wiki ya Pasaka, nchi nzima inashuka mtoni, loji zimejaa na boti za kasi mpaka usiku. Toka Juni mpaka mwisho wa Novemba ni msimu wa vimbunga Karibi, na ndipo mto unapojaa mayoti, siyo kwa utalii bali kujificha, milima na umbali toka baharini vinaukinga vizuri. Ukifika kipindi hicho weka nafasi mapema na tegemea jasho.

Kutoka ni kule kule, fungu lile lile, na watu wanasahau kwamba sasa umejaza tangi na umenunua vyakula, kwa hiyo boti imezama zaidi kuliko ulivyoingia. Angalia jedwali la maji wiki moja kabla, siyo siku moja. Shuka Livingston siku moja kabla, wakala akutengenezee karatasi ya kuondokea, wanaiita zarpe, bila hiyo bandari inayofuata haikupokei. Toka asubuhi na mapema, na kabla ya kung'oa nanga tuma mtu ufukweni akanunue mikate ya nazi ya akina mama wa Kigarifuna, kumi au kumi na tano, kwa sababu nje ya boya upepo utakuwa usoni, boti itaruka kama ngamia mpaka Belize, na hakuna mtu atakayekubali kushuka jikoni.